Utambuzi wa kusita kwa injini na kushtuka kwa gia katika magari ya zamani

Utambuzi wa kusita kwa injini na kushtuka kwa gia ni kazi ya kutafuta chanzo cha hitilafu mbili zinazoonekana sana katika magari yaliyotumika kwa miaka mingi. Ya kwanza ni injini kuchelewa kuitikia dereva anapokanyaga mafuta. Ya pili ni gia kubadilika kwa kishindo, kwa kuchelewa au kwa kuteleza. Mara nyingi hitilafu hizi hutokea pamoja, na katika gari lenye gia otomatiki chanzo kimoja kinaweza kuzileta zote mbili. Kwa sababu hiyo uchunguzi mzuri huanza na injini, umeme na oili, na giaboksi hufunguliwa mwishoni kabisa, baada ya vyanzo vingine kuondolewa kwa vipimo.

Mpangilio huo una faida ya fedha na ya usalama. Kutengeneza giaboksi otomatiki ni miongoni mwa kazi ghali zaidi katika gari, na kwa gari la zamani gharama hiyo inaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe. Gari linalosita wakati wa kulipita lori kwenye barabara ya njia mbili huweza kusababisha ajali.

## Dalili na majina yake

Mafundi na madereva wa Afrika Mashariki wana majina mengi ya dalili hizi, na majina hayo hayana maana moja. Kabla ya kupima chochote ni lazima kujua ni dalili ipi hasa inayoelezwa.

- Kusita: dereva hukanyaga mafuta, gari hukaa kimya kwa nusu sekunde au zaidi, kisha huvuta.
- Kumisi: silinda moja au zaidi haiwaki kila mara inapopaswa kuwaka. Injini hutetemeka na mlio wa ekzosi hupoteza mpangilio wake.
- Kukosa nguvu: injini inawaka vizuri lakini gari halivuti, hasa kwenye mlima au likiwa na mzigo.
- Gia kugonga: gari hushtuka kwa kishindo gia inapobadilika, au mtungi wa gia unapotolewa P na kuwekwa D au R.
- Gia kuteleza: mizunguko ya injini hupanda ghafla lakini mwendo wa gari hauongezeki.
- Gia kuchelewa: injini hunguruma kwa muda mrefu katika gia moja kabla ya kuhamia inayofuata.

Dereva akisema tu kwamba "gari linarukaruka" huenda anaeleza kumisi, gia kugonga, au hata maunti ya injini iliyokatika. Matengenezo ya dalili hizo tatu hayafanani hata kidogo.

## Uhusiano wa injini na gia

Katika giaboksi otomatiki, injini na giaboksi huunganishwa na torki konvata, chombo cha mviringo kilichojaa oili ambacho hupitisha nguvu kwa mwendo wa oili hiyo. Ndani ya giaboksi kuna seti za gia na vibao vya klachi vinavyobanwa na kuachiwa kwa presha ya oili. Presha hiyo huongozwa na valvu bodi, ambayo katika magari ya tangu miaka ya 1990 huamriwa na kompyuta kupitia solenoidi.

Ili kuamua gia ibadilike lini na kwa presha kiasi gani, kompyuta hutazama mambo mawili makuu: mwendo wa gari, na kiasi ambacho dereva amekanyaga mafuta. Habari ya pili hutoka kwenye sensa ya throto, yaani mlango unaoruhusu hewa kuingia katika injini. Sensa hiyohiyo huambia injini imwage petroli kiasi gani. Ikichakaa na kutoa habari zisizo sahihi, injini husita na gia hubadilika wakati usiofaa. Mmiliki huona magonjwa mawili ilhali sensa iliyochakaa ni moja.

Kuna njia nyingine ambazo injini huathiri gia. Injini iliyopungukiwa nguvu humlazimisha dereva kukanyaga zaidi, na kompyuta huchukulia kwamba anataka mwendo wa haraka, hivyo huchelewesha gia na kuongeza presha. Magari mengi pia hupunguza nguvu ya injini kwa sehemu ya sekunde wakati gia inabadilika ili isigonge, na injini inayomisi haiwezi kufanya hivyo kwa usahihi. Injini inayonguruma kwa kasi kuliko inavyotakiwa gari likiwa limesimama hufanya mtungi wa gia kugonga unapowekwa D, hata kama giaboksi ni nzima.

## Magari yanayohusika

Giaboksi otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors ya Marekani, iliyowekwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Kwa miongo mingi giaboksi za aina hiyo ziliongozwa na presha ya oili peke yake, na injini zilipata petroli kupitia kabureta. Katika miaka ya 1980 na 1990 kabureta ilianza kuachwa, na kompyuta ikachukua kazi ya kupima petroli, kuwasha cheche na kubadilisha gia.

Nchini Marekani, magari madogo yote ya kuanzia mwaka 1996 yalitakiwa kuwa na mfumo wa pamoja wa kujipima unaoitwa OBD-II, wenye plagi ya matundu 16 na misimbo inayofanana kwa kampuni zote. Umoja wa Ulaya ulianza kudai mfumo wa aina hiyo kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani katika miaka ya 1990 yalikuwa na plagi na misimbo ya kampuni zenyewe.

Jambo hilo linagusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari madogo ya Kenya, Tanzania na Uganda huingizwa yakiwa yametumika Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi umri uliowekwa. Hata hivyo gari likishaingia huendelea kutumika kwa miaka mingi. Kitabu chake cha maelekezo huwa cha Kijapani au hakipo kabisa, na mmiliki hushindwa kujua ni oili ipi ya gia inayotakiwa. Kuweka oili isiyofaa ni chanzo kimojawapo cha gia kushtuka.

## Hatua za uchunguzi

### Mahojiano na safari ya majaribio

Kipimo cha kwanza ni maswali. Dalili hutokea injini ikiwa baridi au ikiwa imepata moto? Gari likiwa tupu au lina mzigo? Katika mwendo gani? Ilianza baada ya nini: kujaza mafuta kituo kigeni, kuosha injini, kupita kwenye maji, kubadilisha betri, au kumwaga oili ya gia? Hitilafu iliyoanza siku moja baada ya matengenezo mara nyingi hutokana na matengenezo yenyewe, kwa mfano plagi ya waya iliyosahauliwa au mpira wa hewa usiobanwa vizuri.

Kisha fundi huendesha gari yeye mwenyewe, dereva akiwa pembeni kumwonyesha dalili inapotokea. Hitilafu ambayo fundi hajaiona haiwezi kuthibitishwa kuwa imepona.

### Kusoma misimbo ya hitilafu

Taa ya injini kwenye dashibodi huwaka kompyuta inapohifadhi msimbo. Kwa gari la OBD-II msimbo husomwa kwa mashine ndogo inayochomekwa chini ya usukani. Baadhi ya misimbo inayohusu mada hii ni:

- P0300: silinda mbalimbali zinamisi bila mpangilio. P0301 hadi P0304 hutaja silinda ya kwanza hadi ya nne.
- P0171: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli.
- P0120: hitilafu katika umeme wa sensa ya throto.
- P0420: masega ya ekzosi hayafanyi kazi ipasavyo.
- P0700: kompyuta ya gia imehifadhi msimbo wake yenyewe, ambao unapaswa kusomwa pia.
- P0730: uwiano wa gia si sahihi, dalili ya kuteleza.
- P0750: hitilafu ya solenoidi ya kubadilishia gia.

Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, misimbo husomwa bila mashine. Ndani ya kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, matundu ya TE1 na E1 huunganishwa kwa waya mfupi, switchi ikiwa imewashwa na injini ikiwa imezimwa. Taa ya injini huwaka na kuzima kwa hesabu: mara nne, kisha kituo, kisha mara moja ni msimbo wa 41, unaohusu sensa ya throto. Msimbo wa 21 huhusu sensa ya oksijeni na wa 22 sensa ya joto la maji. Katika magari hayo, taa ya O/D OFF ikiwakawaka yenyewe safarini huashiria kwamba kuna hitilafu iliyohifadhiwa upande wa gia. Kuunganisha matundu mengine kimakosa kunaweza kuharibu kompyuta.

Msimbo huonyesha saketi au hali iliyopotoka tu. Kifaa kilichoharibika bado kinatakiwa kutafutwa. P0171 haimaanishi kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Mara nyingi sensa hiyo ndiyo inayosema kweli kwamba hewa inaingia pasipotakiwa. Misimbo huandikwa kwenye karatasi kabla ya kufutwa, kwa sababu kuifuta, au kutoa betri, hufuta pia kumbukumbu za hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea.

### Betri, waya na cheche

Voltiji ndogo huchanganya kompyuta zote mbili. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 gari likiwa limezimwa, na alteneta inapofanya kazi kipimo huwa kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Waya wa ethi unaounganisha injini na bodi huota kutu katika magari ya zamani, hasa ya mwambao, na waya huo ukilegea dalili za ajabu hutokea katika sensa nyingi kwa pamoja.

Plagi hutolewa na kutazamwa moja baada ya nyingine, zikipangwa kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni ya kawaida. Masizi makavu meusi huonyesha petroli nyingi, unyevu wa oili huonyesha ringi au sili za valvu zilizochakaa, na weupe uliopauka huonyesha joto kali au hewa nyingi. Nafasi ya cheche katika magari mengi ya petroli ni kati ya milimita 0.8 na 1.1. Nafasi hiyo ikiongezeka kwa uchakavu, cheche hushindwa kuruka injini inapobeba mzigo, na hapo gari humisi mlimani ingawa linanguruma vizuri likiwa limesimama.

Kwa injini ambayo kila silinda ina koili yake, kuna kipimo kisicho na gharama. Ikiwa msimbo ni P0301, koili ya silinda ya kwanza huhamishiwa silinda ya tatu. Msimbo ukigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Msimbo ukibaki P0301, koili ni nzima na uchunguzi huendelea kwenye plagi, nozeli na mgandamizo wa silinda hiyo. Kwa injini yenye distribyuta hukaguliwa kifuniko chake, rota, waya za plagi, na katika magari ya zamani zaidi, platini.

### Njia ya hewa

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Chochote kinachoharibu uwiano huo huleta kusita. Chujio la hewa lililoziba kwa vumbi ni la kwanza kutazamwa. Linalofuata ni mpira mkubwa unaotoka kwenye chujio hadi kwenye throto, ambao kwa uzee hupasuka katika mikunjo yake, na ufa hufunguka tu injini inapojivuta wakati wa kukanyaga mafuta. Mipira midogo ya vakyumu nayo hukauka na kukatika. Throto yenyewe hujaa masizi na kufanya injini isite inapoanza kuvutwa.

Sensa ya kupima hewa ina waya mwembamba sana. Husafishwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, bila kuguswa kwa kidole wala kitambaa.

Mashine ya kupimia inayoonyesha vipimo vya papo kwa papo husaidia kutofautisha vyanzo viwili vinavyofanana. Ikiwa kompyuta inaongeza petroli sana gari likiwa limesimama, na marekebisho hayo yanapungua injini ikifika mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna uwezekano mkubwa wa hewa kuvuja. Ikiwa marekebisho yanazidi kadiri injini inavyobeba mzigo, petroli haifiki ya kutosha.

### Njia ya mafuta

Chujio la petroli lililoziba na pampu iliyochoka huleta dalili moja: gari huenda vizuri taratibu, lakini likipanda mlima hupoteza nguvu na kuvuta kwa mikupuo. Kipimo sahihi ni geji ya presha. Mifumo mingi ya nozeli zinazomwaga petroli kwenye manifoldi hufanya kazi kwa presha ya takriban baa 2.5 hadi 3.5, na presha hiyo haitakiwi kushuka injini inapobeba mzigo. Kusikia mlio wa pampu hakutoshi, kwa kuwa pampu dhaifu nayo hulia.

Mafuta yaliyochanganywa huleta hitilafu ambayo hakuna kifaa kipya kitakachoiponya. Mafuta ya taa yakitiwa katika petroli hupunguza oktani yake, na injini hugonga kwa ndani na kukosa nguvu. Uchakachuaji huo ulizilazimu serikali kuchukua hatua: Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 chini ya mamlaka ya EWURA, na Kenya iliweka tozo maalumu ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Gari lililoanza kusita mara tu baada ya kujazwa mafuta huchunguzwa tangi kabla ya kitu kingine.

Magari yenye kabureta yana sababu zake. Pampu ndogo ndani ya kabureta humwaga petroli ya ziada dereva anapokanyaga ghafla. Mpira wake ukipasuka, gari husita kila linapoondoka. Mwinuko wa nchi nao una nafasi yake. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko Mombasa. Kabureta iliyorekebishwa pwani humwaga petroli nyingi mno ikifika bara, na moshi mweusi na kusita hufuata. Injini zenye kompyuta hurekebisha uwiano zenyewe, ingawa nazo hupungukiwa nguvu kwa sababu hewa ni hafifu.

Kwa injini za dizeli hakuna plagi za cheche. Kusita kwake huanzia mara nyingi kwenye chujio la dizeli, maji ndani ya mafuta, hewa inayoingia kupitia mpira uliochakaa, au bomba la tabo lililopasuka.

### Ekzosi na mgandamizo

Masega ni jina ambalo mafundi wengi wa Tanzania hutumia kwa kisafisha moshi kilicho katika bomba la ekzosi, kutokana na vitundu vyake vingi. Injini ikimisi kwa muda mrefu, petroli isiyoungua huungulia humo na kuyayeyusha masega hadi yanaziba. Gari huondoka vizuri lakini haliwezi kufikia mwendo mkubwa, kana kwamba limefungwa kamba. Kuweka masega mapya bila kutibu kumisi ni kuyaharibu tena.

Mwishoni upande wa injini hupimwa mgandamizo. Injini nyingi nzima za petroli husoma kati ya baa 9 na 14. Tofauti kati ya silinda na silinda hutazamwa kwa makini zaidi: ikizidi baa 1 hivi, silinda iliyo chini ina tatizo la valvu, ringi au gasketi. Injini yenye silinda dhaifu haiwezi kuponywa kwa plagi wala koili mpya.

## Uchunguzi wa giaboksi otomatiki

Baada ya injini kuonekana ni nzima, kipimo cha kwanza upande wa gia ni oili. Katika magari mengi yenye kijiti cha kupimia, gari huegeshwa mahali tambarare likiwa limepata moto, mtungi hupitishwa katika kila nafasi kisha kurudishwa P, na oili hupimwa injini ikiwa inanguruma. Baadhi ya kampuni, kama Honda, hutaka injini izimwe kwanza. Oili pungufu huleta kuteleza na kuchelewa. Oili iliyozidi hutoa povu na kuleta dalili zilezile.

Oili nzima ni nyekundu na ang'avu. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na kunuka kuungua, vibao vya klachi vimeanza kwisha. Ikiwa ya waridi yenye utusitusi kama maziwa, maji ya rejeta yameingia kupitia kipozeo cha oili, na gari halifai kuendeshwa. Sampo ikifunguliwa, ungaunga mwembamba kwenye sumaku ni wa kawaida, lakini vipande vya chuma ni dalili ya uharibifu wa ndani.

Aina ya oili ni lazima ifuate maelekezo ya kampuni. Toyota, kwa mfano, imetumia aina za T-IV na WS kwa giaboksi tofauti, na giaboksi za CVT, ambazo hutumia mkanda au mnyororo badala ya gia za hatua, zina oili yake peke yake. Kuweka oili ya giaboksi ya kawaida katika CVT kunaweza kuiua. Kumwaga kwa kufungua nati ya sampo hutoa sehemu tu ya oili, kwa kuwa nyingine hubaki ndani ya torki konvata.

Giaboksi nyingi za zamani zina waya wa chuma unaotoka kwenye throto hadi kwenye giaboksi na kuongoza presha. Waya uliolegea hufanya gia ziwahi na kuteleza. Uliokazwa kupita kiasi hufanya zichelewe na kugonga. Kuurekebisha huchukua dakika chache, na kumewahi kudhaniwa ni kazi ya kufungua giaboksi nzima katika gereji nyingi.

Maunti za injini na giaboksi hukaguliwa pia. Maunti iliyokatika huiacha injini iruke gia inapobadilika, na kishindo chake ni kama cha gia mbovu.

Kompyuta ikigundua hitilafu kubwa huifungia giaboksi katika gia moja ili kuilinda. Gari huondoka kwa uzito mkubwa na halibadilishi gia. Hali hiyo humaanisha kwamba kuna msimbo wa kusomwa, na mara nyingi chanzo ni solenoidi, sensa ya mwendo au waya, vitu vinavyobadilishwa bila kushusha giaboksi.

## Kutofautisha kumisi na mtetemo wa torki konvata

Katika mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa hivi, klachi iliyo ndani ya torki konvata hujifunga ili kupunguza matumizi ya mafuta. Ikichakaa, au oili ikiwa mbovu, gari hutetemeka kama lililopita juu ya matuta madogo, na wengi hudhani injini inamisi. Kwenye barabara iliyo wazi, dereva huendelea kukanyaga mafuta kwa kiasi kilekile huku akigusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto, ili taa za breki ziwake tu. Breki ikiguswa kompyuta huifungua klachi hiyo. Mtetemo ukikoma papo hapo, chanzo ni torki konvata au oili yake. Ukiendelea, injini ichunguzwe.

## Gia za mkono

Kwa gari la gia za mkono, kipimo cha msingi ni kuingiza gia injini ikiwa imezimwa. Zikiingia kwa urahisi, lakini zikagoma au kukwaruza injini inaponguruma, klachi haiachii vizuri: huenda oili ya klachi imepungua, silinda ya klachi inavuja au kebo imelegea. Gia moja tu ikikwaruza, sinkromeshi ya gia hiyo imechakaa. Gia zote zikiwa nzito hata injini ikiwa imezimwa, hukaguliwa fimbo na viungo vyake na oili ya giaboksi.

Klachi inayoteleza hufanana na injini isiyo na nguvu. Gari likiwa katika gia ya nne kwa mwendo mdogo, dereva hukanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda peke yake bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha.

## Makosa ya kawaida

Kosa kubwa ni kubadilisha vifaa kwa kubahatisha. Mmiliki hununua plagi, kisha koili, kisha pampu, kisha sensa, na hitilafu inabaki palepale. Vifaa vilivyotumika vinavyonunuliwa bila kupimwa huongeza utata, kwa kuwa sensa "mpya" inaweza kuwa mbovu kuliko iliyotolewa. Kanuni inayofuatwa na mafundi makini ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati, kupima tena, na kuandika kilichofanyika.

Kosa lingine ni kutoa hukumu mara baada ya kurudisha betri. Kompyuta nyingi hupoteza mazoea zilizojifunza, na gia zinaweza kubadilika vibaya kwa kilomita kadhaa kabla ya kutulia.

## Usalama

Kuvuja kwa hewa hutafutwa na baadhi ya mafundi kwa kupuliza petroli au dawa ya kabureta kwenye injini yenye moto. Njia hiyo imeunguza magari. Moshi wa kupimia ni salama zaidi. Mfumo wa petroli huondolewa presha kabla ya kufunguliwa. Kipimo cha kukanyaga mafuta yote huku breki imeshikwa kinaweza kuichemsha oili ya gia kwa sekunde chache na kumrusha aliye mbele ya gari, hivyo huachiwa wataalamu.

Gari linalopaswa kusimamishwa na kuvutwa ni lile ambalo taa ya injini inawakawaka mfululizo, linalonuka petroli, ambalo oili yake ya gia imechanganyika na maji, au linaloteleza kiasi cha kutoweza kupanda mlima. Gari linalosita kidogo linaweza kufikishwa gereji taratibu, likibaki upande wake na bila kulipita gari lingine.

## Tazama pia

- Injini ya mwako wa ndani
- Giaboksi
- Klachi
- Kabureta
- Plagi ya cheche